Mwandiko wa Mmisionari Umemwongezea Babu Mke

Shikamoo Bibi,

Naomba unisaidie kabla ukoo wetu haujagawanyika kwa sababu ya herufi.

Asili yetu ni Uzaramo, upande wa Kisarawe, ila wengi tuko hapa Dar: Tabata, Mbagala, Chanika, wachache Kigamboni. Desemba tunakutana wote, na kamati ya ukoo imeamua tuchape kijitabu cha shajara, nani kamzaa nani, kuanzia kwa Mzee Chuma, baba yake babu, aliyebatizwa Yohana zama za Mjerumani. Kazi ya kukusanya karatasi nimetupiwa mimi, eti kwa kuwa nafanya kazi ofisini.

Tulikwenda kwenye usharika wa zamani walikobatizwa watoto wake. Daftari lipo, limeandikwa kwa mkono, kwa Kijerumani. Karani wa usharika alijitahidi kutusomea na akatunakilia kwenye karatasi. Watoto ni watatu: Eva mwaka 1909, Petro (ndiye babu yangu) 1911, na Simeoni 1913. Baba wa wote kaandika "Johannes Tsehuma", hilo halikutusumbua. Kasheshe ni kwa mama. Kwenye mstari wa Eva kaandika "Muaminna". Kwa babu Petro, "Muamuma". Kwa Simeoni, "Rahel". Sisi tangu tupate akili tunajua mama yao wote watatu ni Bibi Mwamvua.

Baba mkubwa alipoiona karatasi ile akasema Muaminna ni Mwamina, mke mwingine kabisa, na Rahel ni wa tatu. Kundi la WhatsApp likawaka moto. Wajukuu wa bibi Eva, walioko Mbagala, wakaambiwa kumbe wao ni wa nyumba nyingine. Mmoja amejitoa kwenye kundi, mwenzake anataka mchango wake wa Desemba urudishwe. Shangazi, ambaye Bibi Mwamvua alimlea utotoni, hataki hata kupokea simu.

Halafu kuna hili la pili. Kwenye sanduku la marehemu babu tulikuta karatasi ya kuuziana minazi, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini kwa Kiswahili. Ustadhi mmoja jirani alitusomea. Muuzaji ni "Juma". Jina la mnunuzi alisema halimwingii akilini, kitu kama "Shuma" au "Shoma". Baba mkubwa anasema Juma si wa kwetu, karatasi itupwe. Binamu yangu anasema Juma huyo ndiye Chuma, kwa hiyo minazi ni ya ukoo na shamba lidaiwe. Na binamu huyohuyo ndiye anayechapa kijitabu, tena ameshaanza "kusahihisha" majina yote ili yafanane.

Nimeambatanisha picha mbili za daftari, mstari wa 1909 na wa 1911. Bibi, tuandike wake wangapi?

Mjukuu roho juu, Tabata

*

Marahaba mjukuu wangu.

Kwanza mpigie simu huyo aliyejitoa kwenye kundi, mwambie arudi au angalau asubiri. Nimeivuta picha yako ya mwaka 1909 mpaka neno likajaa kioo cha kompyuta, na Mwamina simwoni.

Karani wenu msimlaumu. Amesoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani kwa macho yaliyozoea herufi tulizofundishwa sisi shuleni. Mwandiko ule unaitwa Kurrent. Vijana wa mtandaoni watawaambia mtafute chati za Sütterlin, mwandiko mwingine wa Kijerumani, lakini Sütterlin ilianza kufundishwa shule za Prussia mwaka 1915, na mmisionari wenu mwaka 1909 alikuwa mtu mzima aliyemaliza shule zamani. Tafuteni chati ya Kurrent. Mtaona e yake inafanana na n, s ina sura zaidi ya moja, c ni kijiti kifupi chenye kichwa (hiyo ndiyo iliyomgeuzia karani "Tschuma" kuwa "Tsehuma"), na m, n, u, w na i zote ni msururu wa vijiti vyenye ncha, kimoja baada ya kingine, huwezi kujua herufi inaishia wapi.

Wenye mwandiko huo walijua kwamba vijiti vinachanganya. Ndiyo maana juu ya u waliweka kiupinde kidogo, ili isisomwe n. Na i ina nukta kama yetu. Sasa tazama tena picha ya mstari wa Eva. Baada ya M kubwa kuna vijiti viwili vyenye kiupinde juu: hiyo ni u. Inafuata a. Kisha unakuja msururu mrefu wa vijiti, halafu a ya mwisho. Kama jina lingekuwa Muaminna, ndani ya msururu ule pangekuwa na nukta ya i na pasingekuwa na kiupinde chochote. Mimi naona kinyume chake: nukta haipo, na kiupinde kipo, mwishoni kabisa, karibu na ile a ya kufungia. Usijisumbue kuhesabu vijiti, kwa sababu "minn" na "mwu" zinakaribiana mno, utahesabu mpaka kesho. Jibu liko juu ya mstari, kwenye nafasi ambayo karani hakuiangalia. Ninachosoma mimi pale ni "Muamwua".

Na Muamwua ni Mwamvua aliyeingia kwenye sikio la Mjerumani.

Hapo utataka ushahidi, na ushahidi uko kwenye ramani. Wajerumani walipoandika majina ya miji yetu, Mwanza waliiandika Muansa. Kilwa Kivinje ikawa Kilwa Kiwindje. Moshi ilikuwa Moschi, Arusha ikawa Aruscha, Bagamoyo ikawa Bagamojo, Ujiji ikawa Udjidji. Kwao herufi w inasomeka v, j inasomeka y, na sauti yetu ya ch wanahitaji herufi nne kuiandika: tsch. Hata kwenu hamkupona. Uzaramo waliiandika Usaramo, kwa sababu s moja kati ya vokali wao huisoma z, na Kisarawe ikawa Kisserawe, na s mbili, ili mtu asije akaisoma Kizarawe. Chukua basi Mu ya Muansa na w ya Kiwindje uvipeleke kwenye jina la bibi yenu: Muamwua. Chukua na tsch, utapata Tschuma. Mmisionari wenu hakukosea tahajia. Kiswahili chenyewe kilikuwa hakijawa na tahajia moja. Kamati ya kukisanifisha iliundwa mwaka 1930, miaka ishirini na ushee baada ya bibi Eva kubatizwa. Kila aliyeshika kalamu kabla ya hapo aliandika alivyosikia, kwa kanuni za lugha ya kwao.

Ila usiichukue orodha hiyo ya miji ukadhani inafungua kila daftari. Wamisionari wengine walikuwa wamejifunza Kiswahili kwa vitabu vya Waingereza wa Unguja, wakaandika sh na y kama tunavyoandika leo. Wengine waliandika maelezo kwa Kurrent lakini jina la kigeni wakaliandika kwa herufi za kirumi za kawaida, na hapo viupinde havipo. Kwa hiyo unaanza na mkono wa mtu mmoja, huyo aliyeandika ukurasa wako. Tafuta kwenye ukurasa huohuo maneno ambayo hayana ubishi: Petro, Johannes, majina ya miezi, jina la kijiji mnachokijua. Angalia anavyokunja h, anavyoanza p, anavyofunga a. Nakili kila herufi kwenye karatasi yako. Ukishaijua kalamu yake, ndipo urudi kwenye jina lililokupeleka. Watu wengi huanza na jina la babu, na kwa kuwa wanalitamani, wanaliona hata mahali ambapo halipo. Ukitaka kuzoesha macho zaidi, mafaili ya utawala wa Kijerumani yamehifadhiwa Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa. Nenda na penseli na kitambulisho, na uulize utaratibu wao kabla ya kufunga safari.

Mstari wa babu Petro siwezi kuusemea. Umekata picha juu, na sehemu uliyoikata ndiyo yenye viupinde. "Muamuma" ya karani inawezekana kabisa ni vijiti vilevile vilivyogawanywa vibaya, lakini sitaapa kwa kitu ambacho sijakiona.

Rahel ananipa wasiwasi mdogo zaidi kuliko anavyowapa ninyi. Mwaka 1909 na 1911 mama ameandikwa kwa jina la kienyeji, mwaka 1913 kwa jina la Biblia. Kwa mke wa mtu aliyekwisha kubatizwa, maelezo ya karibu ni kwamba naye alibatizwa hapo katikati. Muombeni mchungaji awafungulie ubatizo wa watu wazima kati ya 1911 na 1913, mmtafute Rahel. Mara nyingi jina la zamani liliandikwa pembeni ya jina jipya. Mkikuta Rahel, zamani Muamwua, habari imekwisha. Mkikuta Rahel ambaye zamani aliitwa jina jingine kabisa, basi baba mkubwa ana hoja, na itabidi mkubali hivyohivyo, Desemba au si Desemba.

Kuna jambo karani hakuwanakilia, au wewe hukunitumia. Daftari la ubatizo halina jina la mtoto na wazazi tu. Kwa kawaida lina kijiji, tarehe ya kuzaliwa, na wasimamizi wa ubatizo. Hizo safu unazoziruka ndizo zinazomtambulisha mtu pale jina linapogoma. Kama Eva na Petro wamezaliwa kijiji kimoja, na msimamizi wa mmoja anaonekana tena kwa mwenzake, hiyo ina uzito kuliko herufi tatu za katikati ya jina la mama yao.

Halafu shangazi. Mna mtu hai aliyelelewa na bibi huyo, na mnabishana na karatasi! Nenda kwake mwenyewe, usimpigie simu, na usiende na baba mkubwa. Usimuulize "Je, babu alikuwa na wake wangapi," maana swali hilo sasa ni la kesi na atajibu kwa kumlinda mtu. Muulize Bibi Mwamvua alizikwa wapi na kaburi lililo jirani ni la nani. Muulize siku ya msiba ule bibi Eva alikaa wapi na alifanya nini. Mtoto wa marehemu na mtoto wa mke mwenza hawakai sawa kwenye msiba, na watoto huona mambo hayo kuliko wakubwa wanavyodhani. Muulize kanisani walimwitaje. Kisha muulize nani katika wajukuu na vitukuu alipewa jina lake. Sisi watu wa pwani majina ya bibi na babu tunayarudisha kwa wajukuu. Ikiwa huko Mbagala, kwenye uzao wa bibi Eva, kuna binti anayeitwa Mwamvua, mimi ningependa kumsikia baba mkubwa akieleza kwa nini watu wa "nyumba nyingine" walimpa mtoto wao jina la mke mwenza.

Sasa karatasi ya minazi, ambayo nimeifurahia kuliko daftari. Isitupwe. Tena mnabishana juu ya jina ambalo si lenu.

Karatasi ya kuuziana hubaki mkononi mwa nani? Kwa mnunuzi, ndiye mwenye haja nayo. Mmeikuta kwenye sanduku la babu yenu. Basi mtu wa kumtafuta kwenye ukoo wenu ni mnunuzi, na mnunuzi kwa maneno ya ustadhi ni "Shuma au Shoma". Kiarabu hakina ch. Waswahili walioandika kwa herufi zile kila mmoja alitafuta njia yake: wengi waliandika shini (herufi ya sh), wengine walichukua jimu (herufi ya j) na kuiongezea nukta. Na herufi ya wau ni u na ni o pia, msomaji anachagua. Ukiandika Chuma kwa mtindo wa shini, mtu asiyeujua ukoo wenu atasoma Shuma au Shoma, vilevile alivyosoma ustadhi wenu. Herufi hizo hazina p wala v pia, kwa hiyo mkikuta karatasi nyingine msishangae Pazi akisomeka Bazi, au bibi yenu akisomeka Mwamfua.

Juma naye anaweza kupimwa. Jina la Juma kwa Kiarabu linatokana na Ijumaa na lina herufi ya aini ndani yake. Mwandishi wa karatasi ile, kama alisoma madrasa, hawezi kuikosa, kwa kuwa Ijumaa anaiandika kila wiki. Rudi kwa ustadhi, mwombe akuonyeshe kwa kidole kama aini ipo kwenye jina la muuzaji. Ikiwepo, huyo ni Juma kweli, jirani aliyemuuzia Mzee Chuma minazi, na baba mkubwa amesema kweli kwamba si wa kwenu. Ikiwa haipo, niandikie tena tuanze upya.

Binamu yako namwona anavyotabasamu huko. Mwambie asifunge safari. Kwa desturi ya pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu alinunua minazi na ardhi ikabaki ya mwingine. Karatasi yenu kwa maelezo yako inataja minazi. Baada ya hapo wamepita Waingereza, vikapita vijiji vya ujamaa, mashamba yamegawanywa na kuuzwa tena na tena. Atakayeingia shambani kwa watu na karatasi hiyo atatoka na kesi. Akitaka kujua zaidi amwone wakili, kwa hela yake, asitumie mfuko wa Desemba.

Kwenye kijitabu aache kabisa kusahihisha. Alichokiandika mmisionari kinabaki kama kilivyo, pembeni mnaweka mnavyosoma ninyi, na jina la aliyesoma: "Muamwua, tunasoma Mwamvua". Mtu akija baada ya miaka thelathini na macho mazuri kuliko yangu, awe na kitu cha kupinga. Mkiyafanya yote yafanane leo, mtakuwa mmefuta ule mkono wa 1909 na kuacha mkono wa binamu. Na majina ya walio hai yaandikwe yalivyo kwenye vitambulisho vyao, hata kama ndugu wawili wa baba mmoja wanaandika tofauti. Kubadilisha jina la kwenye kitambulisho kuna gharama zake za viapo.

Umeniuliza mwandike wake wangapi. Mmoja, Mwamvua, na kwenye mstari wa Petro na wa Simeoni muweke alama ya kuuliza mpaka mrudi usharikani. Mkirudi, mwombe mchungaji ruhusa ya kupiga picha ukurasa mzima, kutoka kingo hadi kingo, pamoja na ukurasa wa kabla na wa baada. Usiwashe taa ya simu. Sogeza daftari karibu na dirisha, mwanga uingie ubavuni. Na ukinitumia, tuma kama faili, usitume kama picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha, na viupinde ndivyo vinavyopotea kwanza.